Gari la Milango Miwili Lenye Tumbo la Mwembe

Siku gari la Dada lilipoingia uani kwetu Garsen, Baba alilizunguka mara mbili akihesabu milango. Akahesabu tena, kana kwamba mingine imedondoka njiani kutoka Mombasa.

"Ni miwili, Baba," Dada akamwambia.

"Naona. Sasa mamako nimfunge juu na kamba?"

Lilikuwa jekundu, dogo, boneti ndefu, mgongo umeteremka hadi nyuma kama wa samaki. Kiti cha nyuma kilitengenezewa watu waliozaliwa bila magoti. Msidhani ni gari la kitajiri. Lilikuwa limezeeka tayari mimi nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, na dirisha la kushoto lilikuwa lafunguka likitaka lenyewe. Lakini Dada ni mwalimu wa shule ya msingi kule Tarasaa. Alijinyima mpaka akawa anavaa viatu vya aina moja kanisani, kazini na shambani, na alilinunua bila kumwomba mtu ruhusa. Asubuhi akilitoa, akishika lami ya kwenda Tarasaa, hata mbuzi wa Garsen walikuwa wakisimama kumtazama. Na mbuzi wa Garsen hawamheshimu mtu.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Aprili, nina simu na bando. Balaa lote lilianzia hapo.

Nilikuwa nimeona video za vijana wanaoshusha magari mpaka kuku hapiti chini. Nikamwendea Dada. Nikamwambia gari lake limesimama kama mbuni anayetafuta mayai, na gari la spoti halisimami, hulala. Akanifukuza. Kesho yake nikamwimbia tena. Siku ya tatu akaniuliza, "Kwani hao wanaoshusha, hufanyaje?" Nikajua nimeshinda.

Tulikwenda kwa fundi wetu pale karibu na stendi. Fundi huyu ana sifa moja kubwa: hajawahi kukataa kazi. Nilimwonyesha video, akaitazama kichwa kikiwa upande, akasema, "Hii ndogo." Akawasha grenda, akakata kila springi mizunguko miwili. Halafu, kwa kuwa grenda ilikuwa bado ya moto na mimi bado nilikuwa na mdomo, tukaondoa na sailensa ya eksozi.

Nakiri mbele ya wote: lilipendeza. Lililala chini kama chui. Mngurumo wake ulisikika kutoka Garsen mpaka karibu na Tarasaa kwenyewe, na wanafunzi wa Dada wa masomo ya ziada ya likizo wakanipenda sana, maana sasa walijua mwalimu yuko wapi na wamebakisha dakika ngapi za kupiga kelele. Juu ya matuta ya barabarani lilikuwa likipita kwa mshazari, gurudumu moja moja, likikuna tumbo. Dada akawa akiuma meno. Mimi nilimwambia huo ndio mtindo.

Jumapili moja Mama akasema twende Wema, kwa wazazi wake, wakalione gari la mjukuu wao. Tukapanda: Dada usukanini, Mama mbele na kapu lake, mimi nyuma, magoti yakinisalimia masikio.

Sasa, mtu wa Mombasa hawezi kulielewa kosa letu, kwa hiyo nalieleza. Ukiacha lami kuelekea Wema unashika udongo mweusi. Mvua ikinyesha, matrekta hupita na kuchimba mifereji miwili ya magurudumu. Jua likiwaka, katikati ya mifereji hubaki tuta refu, gumu kwa ndani, utelezi kwa juu. Trekta halina habari. Bodaboda hupita juu ya tuta. Sisi tulikuwa tumekata springi. Magurudumu yakaingia mferejini, tumbo likakaa juu ya tuta, na tairi zikazunguka hewani kama miguu ya kobe aliyebebwa. Dada akakanyaga mafuta. Gari lilinguruma kama ndege ya kivita, halikusogea hata unywele.

Mama akageuka polepole kunitazama.  

Aliyetufikia wa kwanza ni mama mmoja wa Kiorma, muuza maziwa, na punda wake wawili wenye vibuyu mgongoni. Akasimama. Akainama, akaangalia chini ya gari. Akainuka.

"Gari hii nakula nini?"

"Petroli, mama," Dada akajibu.

"Petroli." Akatikisa kichwa. "Punda yangu nakula nyasi tu. Na nafika."

Akateremsha vibuyu, akatufungia kamba, na punda wale wawili wakatuvuta kutoka pale mpaka mlangoni mwa kijiji. Nimekaa nyuma, sina pa kujificha, dirisha la kushoto limeamua leo kufunguka. Watoto wa Wema walitupokea kwa shangwe ambayo hata mbunge hajawahi kupata. Yule mama alipofungua kamba, hakutaka shukrani. Alimpapasa punda mmoja shingoni akamwambia kwa Kiswahili, ili sisi tusikie, "Pole. Kesho tabeba maziwa tu."

Babu alikuwa amesimama pale, tezo begani. Babu yetu huchonga mitumbwi, na ulimi wake ni mkali kuliko tezo. Kwetu babu na wajukuu ni watani: Dada ni mke wake, mimi ni mwizi wa mke wake wa kwanza, yaani nyanya.

"Mke wangu," akamwambia Dada, "ungeniambia unataka kuolewa na punda, nisingejisumbua kunyoa ndevu."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Dada hakucheka. Alikuwa ameshika funguo kwa mikono miwili, na kidevu chake kilikuwa kikifanya vile hufanya akijizuia. Tukala wali na samaki, lakini hakumaliza sahani, na Dada ni mtu wa kumaliza sahani. Jioni, tuliporudi Garsen kwa kuvutwa na trekta, alimwambia Baba amechoka kuchekwa. Kuna kijana wa Malindi alikuwa amelitaka gari. Atampigia aje Jumapili ijayo alichukue.

"Sawa," Baba akasema. "Gari lisilofika kwa wakwe zangu ni redio yenye magurudumu."

Usiku ule sikufanya mzaha hata mmoja. Mama alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Nilijua kitu ambacho Baba hakukijua: nilikuwa nimemwona Dada akiliosha lile gari kwa leso yake mwenyewe, kila Jumamosi, mpaka kwenye nati. Na aliyelikata miguu ni mimi.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Wema, nikamkuta Babu juu ya gogo. Nikamweleza yote. Sikuomba ushauri, nilitaka tu anitukane niondoke. Akanitukana kweli, kwa Kipokomo, kwa mpangilio mzuri, akianza na ukoo wa baba yangu. Alipomaliza akasema, "Jana nililiangalia tumbo la hilo gari lenu. Kila kitu kinaning'inia, bomba hapa, chuma pale, kama kuku wa sokoni. Nani alichonga tumbo namna hiyo? Mtumbwi wenye tumbo hilo haumalizi hata mto."

Akaninyooshea ubao wa mwembe, kipande kilichobaki cha mtumbwi uliopasuka. Kilikuwa kimechongwa tayari kwa chini, mviringo, laini.

"Mwambie mke wangu asiuze bado. Jumamosi aje Wema. Likifika na kurudi kwa nguvu zake, abaki nalo. Likivutwa, aliuze, na mimi nitambebea funguo mpaka Malindi."

Dada alikubali haraka mno, nikajua alikuwa akisubiri mtu yeyote amwambie hivyo.

Kuanzia Jumatano Babu alihamia kwa fundi. Watu wawili hao kukaa chini ya gari moja lilikuwa jambo la kulipia kiingilio.

"Mzee, hii ni injini, si kasia," fundi akasema.

"Na wewe ulipokata springi ulidhani unakata miwa?"

Springi zikishakatwa hazirudi urefu wake. Fundi akabana vipande vya mpira wa tairi kuukuu kati ya mizunguko iliyobaki, na gari likapanda vidole viwili, hivi. Halafu Babu akalala chali, akapima kwa kiganja na kwa macho, akatoka, akachonga, akalala tena. Ubao ulianzia nyuma ya bampa, ukiwa umeinuliwa kama pua ya mtumbwi, ukapita chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukafika karibu na katikati. Alitoboa njia ya eksozi. Fundi akaweka bati hapo kati ili mwembe usije ukaanza kutoa moshi. Boliti nane, vichwa vyake vikazamishwa ndani ya mti. Mwisho Babu akaupaka ubao wote shahamu ya ng'ombe, tabaka baada ya tabaka.

"Mtumbwi mkavu ni gogo," akasema.

Tulirudisha na sailensa. Wanafunzi wa Tarasaa wanisamehe.

Jumamosi tukaondoka: Dada, Babu mbele, mimi nyuma. Mama alisema atatuombea kutoka nyumbani, ambako kuna viti. Kufika mwisho wa mji tulikuwa na mbwa wanne nyuma yetu kwa ajili ya ile shahamu, na kufika pale tunapoacha lami walikuwa saba.

Habari ilikuwa imetangulia. Mahali tulipokwama Jumapili kulikuwa na watu, wengine wamekuja na vigoda. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameshika kamba, amekunja suruali tayari.

"Mwalimu!" akaita. "Nifunge sasa ama ningoje?"

Dada akapunguza mwendo. Niliona mikono yake ikianza kulikwepesha gari pembeni ya tuta, asikwame kama Jumapili.

"La!" Babu akapiga dashibodi. "Usilikimbie tuta! Tuta ndilo maji. Panda juu yake, tumbo likae katikati, tairi ziwe makasia. Na ukianza, usisimame. Nani husimama katikati ya mto?"

"Babu, litakwaruza..."

"Mke wangu, kanyaga!"

Dada akatia gia ya pili, akakanyaga.

Pua ikagonga tuta, ikainuka. Nilifumba macho nikingoja ile sauti ya Jumapili, ya bati kulia. Haikuja. Ilikuja nyingine, ndefu, nyororo, shhhhh, kama mtumbwi unaposukumwa kutoka ukingoni. Nikafumbua macho. Tulikuwa tunateleza. Mkia ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, Babu akawa anaegemea upande huu na upande ule kama yuko majini kweli, akipiga kelele, "Kulia! Liache! Taratibu! Sasa kanyaga!" Tope lilipanda juu ya boneti, likaingia kwa dirisha la kushoto, likanipata mdomoni, na sikujali kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi kwa kupiga mayowe. Wale wa vigoda walisimama. Kijana wa bodaboda aliruka kando na kamba yake, na tukampita yeye, na pale tulipokwama, na miti mitatu mbele yake, mpaka ardhi ikawa tambarare na nyumba za Wema zikaonekana.

Dada alisimamisha gari mbele ya mlango wa nyanya, akazima injini. Halafu akapiga honi. Akapiga tena. Mwalimu wa watu, mwanamke mzima, akapiga honi mpaka nyanya akatoka na mwiko.

"Mmevutwa na nini leo?" nyanya akauliza.

"Na mimi," Dada akasema.

Safari ilikuwa nusu tu, na kila mtu alijua. Nyanya ndiye aliyeifanya kuwa ngumu: alipakia mkungu wa ndizi, ndoo ya mchele na yeye mwenyewe, akasema anakwenda Garsen, hajawahi kupanda gari jekundu. Babu akateremshwa, kiti chake kikachukuliwa. Aliniangalia kwa uchungu nikiwa nimekumbatia ndizi nyuma ya mkewe.

"Umefaulu, mwizi," akasema, na akaupiga ubao teke kidogo kuona kama boliti zimeshika. Zilikuwa zimeshika.

Kurudi, Dada hakuhitaji mtu wa kumwelekeza. Alipanda tuta bila kupunguza mwendo, akatuteleza na ndizi zetu na mchele wetu, nyanya akiimba pambio na kupiga makofi nje ya mpigo, na tulipofika pale pa kukwama hakuwepo mtu aliyekaa kigodani. Walikuwa wamesimama wote, pande mbili za barabara, wakishangilia. Yule wa bodaboda alikuwa akizungusha kamba yake hewani kama bendera.

Kwenye lami Dada aliegesha kando, akanipa simu nimshikie, mikono yake ikiwa bado usukanini. Yule kijana wa Malindi akapokea mara moja. Akasema amejiandaa, kesho atafika mapema kabla ya jua kali.

"Kaka, samahani kwa usumbufu," Dada akamwambia. "Gari limepata mtu."

"Aa! Nani tena? Si tulikubaliana?"

"Mimi," akasema, akawasha injini.