Sayari Iliyoumuka

Mtaani walimwita Mama Mikate, na mdomo wake ulikuwa moto kuliko tanuri lake. Alimsomesha binti yake wa pekee kwa kuoka mikate, mpaka binti akawa mtaalamu wa nyota. Lakini siku moja alimsikia binti huyo akimwambia mtu kwenye simu, "Mama yangu ni mfanyabiashara." Neno lile, lililoficha mikate, lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo likaja shindano la kuipa jina sayari moja ya mbali, pamoja na nyota yake. Binti alikuwa kwenye kamati, na alipopita nyumbani kunywa chai akamsimulia mama yake.

"Ni kubwa mno, mama, na imeisogelea nyota yake mpaka inaungua. Tena haina hata pa kukanyaga. Ni hewa tupu, imevimba kwa joto."

"Imevimba wapi? Hiyo imeumuka!" Mama Mikate akapiga meza, unga ukaruka. "Nyota iiteni Tanuri. Sayari, Hamira."

Binti akacheka, kisha akapangusa unga uliomrukia. "Ukipeleka majina, itabidi niseme mbele ya watu kwamba wewe ni mama yangu, nisipige kura."

"Na utasema nafanya kazi gani?"

Binti akainamia kikombe chake. Kesho yake Mama Mikate akayapeleka majina mwenyewe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wanasema. Yeye hakuwa na mpango wa kuinama.

Siku ya kura alikaa safu ya mbele, amevaa gauni lake la heshima, unga bado umo kwenye kucha. Mwenyekiti aliposoma "Tanuri na Hamira", watu wakacheka. Hakujali. Yeye alimtazama mmoja tu, binti yake kule jukwaani.

Binti akasimama. "Mimi sipigi kura hapa. Majina haya kayaleta mama yangu, yule pale. Ni mwoka mikate, na mimi nilikuwa namchekechea unga kabla ya kwenda shule."

Akashuka jukwaani. Mama Mikate naye alikuwa keshanyanyuka.

"Husubiri matokeo, mama?"

"Matokeo gani tena? Donge langu limeumuka nyumbani. Twende ukanisaidie kukata."

Mwenyekiti alipopiga simu kuwaambia kwamba Hamira imeshinda, iliita mpaka ikakata. Hakuna aliyekuwa na mkono msafi wa kuipokea.