Mpangaji, Wingi Wake Mipangaji

Barua ndiyo iliyonitia mashakani, na barua yenyewe niliipiga chapa mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa masika. Nilikuwa na miaka ishirini, najifunza uhazili, na mchana nilikuwa mwanagenzi katika tawi dogo la kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ya vyumba viwili upande wa Makadara. Bibi yangu aliyenilea alikuwa na nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, na vyumba vya juu akipangisha wageni. Mwalimu mmoja wa ng'ambo alimwandikia kwamba angekuja na wanafunzi sita wanaosomea misitu ya mvua na watu wanaoitunza. Walitaka kuingia kaya, yaani mmoja wa ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kule Kwale. Wazee wa kaya walikuwa wameshatoa ruhusa na kuwatafutia mtu wa kuwaongoza. Kwa Bibi walitaka malazi tu na, kama ingewezekana, mtu wa kuwatafsiria.

Bibi aliniambia majibu kwa mdomo, nami nikayapiga chapa ofisini saa ya chakula. Karibuni, vyumba vipo, maji hutoka asubuhi. Nafasi ikabaki chini ya karatasi, na mimi sijawahi kuipenda karatasi yenye nafasi. Nikaongeza: "Mjukuu wangu anaujua msitu vizuri sana na atafuatana nanyi." Bibi akatia sahihi bila kusoma, maana miwani yake alikuwa ameikalia juzi yake.

Siku wageni walipofika, mwalimu wao alimshukuru Bibi sana kwa kuwapatia mjukuu mtaalamu. Bibi hakuwa na Kiingereza kingi, lakini uso wangu alijua kuusoma. Akaniita jikoni.

"Ndoo hapa. Wewe na msitu mwajuana wapi?"

"Nilisoma shuleni, Bibi."

"Shuleni! Mkomamanga ulo uani waogopa kuusongea kwa ajili ya vunjajungu mmoja. Haya. Umejitia mwenyewe, utajitoa mwenyewe."

Mvua ilininusuru kidogo. Barabara ya kuingilia kaya ilikatika, tukaambiwa tungoje siku tatu. Mwalimu hakutaka wanafunzi wakae bure. Akasema tuzunguke mji, wajifunze mimea na desturi za hapa kwanza, nami nikaomba ruhusa ya siku tatu ofisini.

Mwanzo nilifanya vyema. Mwarobaini, mnazi, mkungu, mwembe. Niliwaeleza kwamba Bibi hutuchemshia majani ya mwarobaini kwa homa, na kwamba mgonjwa hupona upesi ili asinyweshwe mara ya pili. Wakacheka, nikavimba kichwa. Kati yao alikuwamo msichana mmoja mrefu, mwenye daftari lenye jalada la turubai, ambaye hakuacha jani lipite. Ndiye aliyeniponza. Karibu na Ngome ya Yesu alinionyesha mti uliomea ndani ya ufa wa ukuta, akauliza unaitwaje. Sikujua. Kinywa nimekifungua na jina halimo. Saa ile ile akapita mpangaji wa jirani yetu, kanzu imelowa hadi magotini.

"Mpangaji," nikasema.

"Na wingi wake?"

Alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni, na ngeli za majina zilimfurahisha kuliko halua. Wingi wa mpangaji ni wapangaji, lakini hao ni watu. Mti hauwezi kuchukua *wa*.

"Mipangaji," nikajibu, kwa utulivu wa kadhi.

Hapo ndipo nilipoujua utajiri wa lugha yetu. Miti huanza na *m*, na watu nao huanza na *m*. Ukishamwona mtu yeyote unayemfahamu, umepata mti. Tokea hapo hapakuwa na mmea ulionishinda. Kichaka kilichoinamia dirisha la watu kikawa msengenyaji. Mti mkavu uliosimama mlangoni kwa kinyozi ukawa mposaji, na nikasema huchanua tu panapokuwa na binti karibu. Mtambaazi uliokumbatia nguzo ya umeme niliuita mdoezi, na huo niliupa na dawa kabisa: majani yake hutibu njaa inayompata mtu akipita mbele ya nyumba inayopika pilau.

"Mdoezi, midoezi," yule msichana akasema polepole, akiandika.

Siku ya tatu ilinyesha kutwa nzima, tukashinda ndani. Bibi akatuletea kahawa na kaimati, akamwona msichana mrefu amekodolea macho dari, penye boriti zilizopangwa moja moja.

"Mwambie zile ni mikoko," Bibi akaniambia. "Mwambie nyumba hizi zote zimefunikwa kwa msitu. Asifikiri msitu uko mbali. Uko juu ya kitwa chake."

Hilo nililitafsiri lilivyo. Lilikuwa neno la kweli la pekee kutoka kinywani mwangu tangu mpangaji, na halikuwa langu.

Jumamosi mvua ikatulia. Tukavuka Likoni kwa feri, tukaendelea kwa gari la kukodi mpaka mahali lami inapokwisha, kisha udongo mwekundu, kisha miguu. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anatungoja kwenye ukingo wa msitu. Alikuwa amejifunga kaniki, miguu mitupu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu asiyeharakishwa. Alitusalimu kwa Kidigo, kwa sauti ya chini. Nikaitikia kwa adabu zangu zote za mjini na kujitambulisha kama mkalimani. Alinitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha akaanza.

Kidigo na Kimvita ni ndugu, na masharti niliyashika bila taabu. Viatu vivuliwe hapa. Kila mtu ajifunge nguo nyeusi. Mtu asitoke njiani, asipige kelele, asichume hata jani, na kamera zisitolewe tukishapita lango la pili. Nikatafsiri vizuri, wageni wakavua viatu.

Kisha tukaingia, na joto la nje likabaki nje. Kimo cha ile miti sikuwa nimekitarajia. Mizizi ilikuwa imesimama kama kuta za vyumba, na juu kabisa kitu kilikuwa kikiruka kutoka tawi hadi tawi, sikutaka kujua ni nini. Yule mama aliweka kiganja juu ya gogo moja pana na kunena kwa muda mrefu. Haya hayakuwa maneno ya sokoni. Katika yote nilidaka "nyuki" na "mtoto".

"Anasema," nikawaambia wageni, "mti huu ukipendwa na nyuki, mtoto hulia."

Wakaandika. Mwalimu wao akasema ni fikra nzito sana.

Mti wa pili alisema maneno matatu. Niliona haya kuwapa wageni maneno matatu tu baada ya safari yote ile, nikatunga habari ya wapenzi wawili waliokatazwa kuoana. Mti wa tatu alisema mengi tena, nikachoka, nikasema, "Huu ni wa zamani." Uso wa yule mama haukubadilika. Nikaamini ninafanya kazi nzuri.

Ndipo msichana mrefu akamgeukia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kitabu: "Samahani, mama. Je, mipangaji inapatikana hapa? Na midoezi?"

Yule mama akanyoosha mkono, akalipokea daftari. Aliusoma ukurasa mzima, akapindua, akasoma wa pili. Sijapata kuona mtu akisoma polepole vile. Akalirudisha.

"Mwambie," akaniambia, safari hii kwa Kiswahili, "midoezi ipo. Mmoja umekuja leo na gari."

"Anasema ipo," nikatafsiri, "lakini si mingi."

"Na wewe kaa hapa," akanionyesha mzizi. "Ulimi wako umechoka. Upumzike."

Akawachukua wageni, wakaenda kama hatua thelathini, wakasimama chini ya mti mwingine. Nikakaa kwenye mzizi nikijiuliza atazungumza nao vipi bila mimi. Jibu lilinijia pamoja na siafu wa kwanza. Kilikuwa Kiingereza, safi, chenye kituo baada ya kila sentensi, tena kwa sauti ya juu kidogo kuliko ile ya Kidigo. Na sauti hiyo niliijua. Niliisikia kila siku ya kazi kwa miezi minne: "Shikilia, mwanangu, laini ina shughuli." Alikuwa opereta wa simu wa makao makuu ya kampuni yetu, kule Kilindini. Kila simu ya ofisi yetu ilipita mikononi mwake. Uso wake nilikuwa sijapata kuuona.

Sikuthubutu kuondoka pale, wala kupiga kelele, maana masharti niliyatafsiri mwenyewe. Siafu wakapanda hadi gotini, nami nikawatoa mmoja mmoja kimyakimya, machozi yakinilengalenga. Nilipowatazama wageni, waliniumiza zaidi ya siafu. Walikuwa wamesahau kuandika. Walikuwa wanamsikiliza tu.

Baada ya muda alikuja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nilikujua ulipofungua kinywa pale njiani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kujua utafika wapi." Pembe ya mdomo wake ilicheza. "Ile ya wapenzi wawili ilikuwa nzuri. Mti wenyewe nilisema una sumu."

Nikainamisha kichwa. Akachutama, akanitoa siafu mmoja aliyekuwa nyuma ya mguu.

"Mlango wa nyumba yenu ni wa mti gani?"

"Sijui, mama."

"Hilo ndilo neno nililokuwa nalingoja tangu asubuhi. Mdomo wako umeuma kulisema?"

"Haukuuma."

"Basi sikiliza. Watu wanaonyemelea viwanja huja hapa na ramani. Mahali hapa pameandikwa kichaka. Kitu kitupu. Siku nitakapokwenda kubishana nao nataka niwe na majina ya miti yangu, moja moja, kwenye karatasi. Halafu waje wageni waondoke na mipangaji?"

Mbele ya wageni sikuona haya sana. Wao walikuwa wapita njia. Kwake yeye niliona haya hata masikio yakanichoma. Kumbe mchezo wangu niliucheza juu ya kitu cha mtu.

Akaninyanyua, akanipitisha kwenye njia ile ile tuliyokuja nayo. Mbambakofi, ambao mafundi wa Mji wa Kale walitengenezea milango. Huenda na wetu. Mtandarusi, unaotoa gundi ya sandarusi. Mvule. Mfune. Kila mmoja alinifanya niutaje mara tatu, na nikikosea alikaa kimya mpaka nirekebishe. Ule wa nyuki ulikuwa mti wa mizinga, na mtoto alikuwa yeye mwenyewe, aliyeumwa pale akiwa na miaka mitano.

Tulipokuwa tukirudi, ndani ya feri, nilimfuata msichana mrefu kwenye reli. Nikakohoa.

"Yale majina ya mjini," nikaanza. "Mpangaji na wenzake. Si ya kweli. Niliyatunga."

"Najua," akasema. Akatoa mfukoni kamusi ndogo iliyochakaa. "Nilijua tangu mdoezi. Ndiyo maana nilimwuliza mama."

"Na ukaendelea kuandika?"

"Wingi wake ulikuwa sahihi kila mara," akajibu. Akalifungua daftari, nikaona kurasa zile ameziandikia kichwa cha pekee, mbali na zingine: Miti ya mjukuu. Sikujua nicheke au nijitupe majini.

Bibi alinipokea mlangoni, akaziona alama za siafu miguuni, asiulize. Aliniletea mafuta ya nazi na akakaa kunitazama nikijipaka, huku ameridhika waziwazi. Wageni walikaa wiki nyingine, wakavuka kwenda kaya kila siku mbili, yule mama akiwa amechukua likizo ya kazini, na hawakunihitaji tena. Nilifuatana nao mara moja tu, siku ya mapumziko yangu, nikatembea nyuma kabisa na kubeba maji.

Wageni walipoondoka nilidhani mambo yamekwisha. Jumatatu, saa saba kasorobo, simu ya mezani kwangu ikalia. Nikaipokea kwa sauti yangu nzuri ya ofisini.

"Andika," sauti ikasema. "Mgurure. Gome la kijivu, mbao ngumu, huvunja shoka la mvivu." Laini ikakatwa.

Kesho yake, saa ile ile, ikawa mwingine. Mama yule alikuwa na majina kichwani na simu mkononi. Mimi nilikuwa na mashine ya chapa. Hakuniuliza kama nimekubali. Kila wiki ikipita niliyapiga chapa safi, na nakala mbili za kaboni, nikampelekea kwa tarishi wa ofisi ndani ya bahasha ya mizigo. Nikikosea herufi moja, Jumatatu yake simu ilikuwa moja kwa moja: "Karatasi ya pili, mstari wa nne. Rudia."

Tuliendelea hivyo mpaka upepo wa kusi ukakaza. Siku moja nilikuwa nimekwenda kujaza birika, meneja mwenyewe akaipokea simu yangu. Nilirudi nikamkuta amesimama, mkono wa simu bado uko sikioni, uso umejaa wasiwasi wa mtu aliyepotewa na makontena.

"Mtu amesema 'Mkone' akakata," akaniambia. "Huyu Mkone ni nani?"

"Ni mteja, bwana," nikasema, nikachukua kalamu. "Hakusema lolote kuhusu majani?"