Albamu Isiyo na Matoazi

Birika la dada yangu ni la mluzi. Maji yakichemka hulia mpaka jirani wa tatu anajua kwamba kwao kuna chai. Jumamosi moja jioni niliusikia mluzi wake nikiwa bado barabarani, nikaharakisha, maana sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Nilipoingia nikamkuta shemeji amekaa hatua tatu kutoka kwenye jiko, miwani kwenye ncha ya pua, anachunguza mchoro wa amplifaya. Birika lilikuwa linalia kama linachinjwa. Aliinua kichwa pale tu kivuli changu kilipoangukia karatasi yake.

"Karibu, shemeji. Dada yako katoka. Kaniachia chai niiangalie."

"Ndiyo unaiangalia hivyo?"

"Haijachemka bado."

Nikazima jiko, nikacheka. Nilidhani ni utani, na mashemeji wasiotaniana ni majirani tu. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo, kucheka.

Mtu huyu mtaa mzima ulimwita Sikio. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, spika na amplifaya, mlango wa bati, meza iliyoungua madoa madoa kwa pasi ya kulehemia nyaya kwa risasi, na rafu ya mizigo ambayo wenyewe walishaisahau. Miaka thelathini na moja alikaa hapo. Ungemletea spika inayokoroma, na kabla hujaitua chini angekwambia, macho yake yakiwa bado kwenye kazi nyingine, "Koni imechanika, upande wa chini." Ukiifungua, unakuta hivyo hivyo. Vipimo vya mafundi wengine alivicheka. Na mimi pia alinicheka, kwa kuwa ninakata karatasi katika kiwanda cha uchapaji na mashine zimenizoesha kupiga kelele. Masikio yako, aliniambia, ni ya kuning'inizia miwani.

Kila Jumamosi mchana tulikutana kibandani watu wanne: Sikio, mimi, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, na kinyozi wa upande wa pili wa barabara. Kilichotukutanisha ni bendi moja ya roki ya giza ambayo sisi tuliiita Wazee. Ni watu wanaovaa nyeusi juu mpaka chini na kuimba makaburi, mapenzi yaliyooza na mvua isiyokatika. Kwa huzuni yao ungedhani walishazikwa, wakaomba ruhusa ya kurudi kurekodi. Jirani mmoja aliwahi kutuletea mtu wa kutuombea. Sisi tukampa kiti, akasikiliza nyimbo mbili, akaondoka bila kuaga.

Wazee walikuwa wamekaa miaka kumi na saba bila kutoa albamu. Ilipotoka mpya, Sikio aliunganisha spika zake kubwa alizozijenga kwa mkono, tukaisikiliza mwanzo hadi mwisho bila mtu kufungua mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, vita vikaanza.

"Wamejikopi," mwalimu akasema. "Wimbo wa pili una besi ile ile ya albamu ya tatu. Nimehesabu mapigo, yale yale."

"Mtu anajikopi vipi?" Kinyozi alikuwa ameshapandisha mori. "Mimi nikinyoa leo kama nilivyonyoa mwaka jana, nimejiibia?"

"Umekosa ubunifu."

"Wateja wangu wakitaka ubunifu waende kwa mchoraji!"

"Sasa hiyo orijino mnayoitaka ni ipi?" nikauliza. "Wakibadilika, mnasema si wao. Wasipobadilika, mnasema wanajirudia. Mnataka wafe ndiyo mridhike?"

"Wangekufa mapema," mwalimu akajibu, "tungewakumbuka vizuri."

Tulipochoka, tukamgeukia Sikio. Ndivyo tulivyozoea: sisi tunabishana, yeye anahukumu. Alikuwa ameinamisha kichwa, uso umemkunjamana.

"Hamna matoazi," akasema.

"Unasemaje?"

"Albamu nzima haina matoazi. Ngoma zipo, besi ipo, mzee anaimba. Juu hakuna kitu. Kumefunikwa."

Kinyozi akafumba macho. "Dah," akasema, "Sikio, umemaliza." Akatoa simu na kuyaandika maneno hayo kwenye kundi la mashabiki wa Wazee, lenye watu mia kadhaa wasiojuana kwa sura wanaotukanana kila siku kama ndugu.

Kabla wiki haijaisha kundi lilikuwa linawaka moto. Mmoja aliandika kwamba matoazi ni ujana, na ujana haurudi. Mwingine akasema matoazi ni hofu: Wazee wamezoea kifo, hawakiogopi tena, ndiyo maana hawatutishi. Mama mmoja aliyewafuata tangu albamu ya kwanza aliandika kurasa tatu. Alisema matoazi ni mwanga unaopita chini ya mlango, na Wazee wameuziba kwa sababu kaburi walilokuwa wakichezea sasa wanalikaribia kweli. Kinyozi akaanza kulitumia neno kwa kila kitu. Filamu mbovu haina matoazi, mkutano wa wapangaji hauna matoazi, mchumba wa mwalimu hana matoazi.

Nami nilichukuliwa na upepo huo. Kurasa za yule mama nilizichapa kiwandani, na Jumanne nikampelekea Sikio na kumsomea. Alisikiliza akiutazama mdomo wangu. Nilipomaliza akashangaa.

"Huyu mama anazunguka nini, shemeji? Mimi nimesema hamna matoazi. Vile visahani vya shaba vya mpiga ngoma. Hawakuvipiga."

Nikaziweka chini zile karatasi, kwa sababu visahani vilikuwepo. Tangu wimbo wa kwanza vinamwagika kama mchele kwenye sinia. Sote tulivisikia, na kwa kuwa tulivisikia, haikutupitikia akilini kwamba Sikio alikuwa anavisema vyenyewe. Tulimheshimu mno. Tukadhani ni neno zito, tukalibeba na kulitembeza dunia nzima, kumbe mtu anatuambia ugonjwa wake.

"Hebu weka wimbo wa kwanza," nikamwambia.

Akauweka. Visahani vikalia wazi, kila kimoja. Sikio akanitazama, mikono ameifungua. "Unaona? Kumefunikwa."

Neno lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Kweli," nikasema.

Hapo nikaanza kuliona jambo lile kila nilipogeuka kibandani. Amplifaya tatu zilikuwa zimerudishwa kibandani, na wenye mali wote walilia kilio kimoja: "Fundi, inatoboa masikio." Yeye alikuwa anapandisha sauti nyembamba, anabadilisha vifaa, anapandisha tena, anaitafuta ile sauti aliyoijua maisha yake yote na haioni. Lawama alizitupia vipuri. Siku hizi hata kapasita ni feki, alisema, mtu ataponaje? Ukumbi mmoja wa mikutano ulishampelekea kazi fundi mwingine.

Jioni hiyo hiyo nikamwendea dada. Alikuwa anakunja nguo, wala hakuacha kukunja.

"Ulikuwa hujui?" akaniuliza. "Birika hilo ni la pili. La kwanza liliungua likatoboka, nikasema labda alisinzia. Simu yake ikiita naisikia mimi. Nikimwambia twende hospitali, ananiambia mimi ndiye ninayenong'ona." Akaliweka shati juu ya mengine. "Sikio la kufa..."

Akanyamaza hapo hapo. Methali hiyo kila mtu anaujua mwisho wake, na hakuna kati yetu aliyetaka kuimalizia. Macho yalimjaa machozi.

"Mwambie wewe," akasema. "Ninyi mnataniana, kwako atalipokea. Mwambie kabla ya Ijumaa."

Ijumaa shule ya mwalimu ilikuwa na mkutano wa wazazi, na amplifaya ya shule ilikuwa mezani kwa Sikio. Mwalimu alikuwa amemdhamini mbele ya mwalimu mkuu. Mambo yakienda vizuri, kazi zote za sauti za shule hiyo na jirani yake zingekuwa zake, na zaidi ya hizo hakuwa na kazi yoyote machoni. Yakienda vibaya, nusu ya mji ingekuwa imekaa kwenye viti inashuhudia. Fundi wa sauti asiyesikia ni kama kinyozi kipofu, wateja hawangoji kuona damu.

Nilikuwa na siku mbili. Jumatano nilimkuta na mteja, nikashukuru, nikarudi zangu. Alhamisi nilijikaza nikaanza kwa mzaha, kama dada alivyonituma.

"Shemeji, naona siku hizi na masikio yako yamekuwa ya kuning'inizia miwani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mungu apishie mbali," akasema, huku akifunika amplifaya ya shule kwa kitambaa kisafi. "Mimi nikikosa masikio, nina nini tena?"

Nikacheka naye. Mwoga mkubwa mimi.

Asubuhi ya Ijumaa viti vilipangwa uwanjani, wazazi nyuma, watoto wamekaa chini mbele. Sikio alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama kando ya amplifaya yake, spika mbili zikiwa juu ya meza. Alinikonyeza nilipofika. Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti, akasema, "Wazazi wapendwa," na mluzi ukaanza.

Kila fundi anaujua mluzi ule. Kipaza sauti kinapoisikia spika yake yenyewe, hulia sauti moja nyembamba isiyopumua, na tiba yake ni mkono wa haraka. Zamani Sikio angeukamata kabla haujazaliwa. Sasa alisimama ameridhika, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza kazi nzuri. Mwalimu mkuu aliendelea kusema na hakuna aliyepata neno lake hata moja. Watu wa nyuma wakainama mbele, nyuso zimewakunjamana. Sikio akawaona, akadhani hawasikii. Akaongeza.

Watoto wa mstari wa kwanza wakaziba masikio, kisha wa pili, kisha uwanja mzima. Mama mmoja alinyanyuka na mtoto mchanga akakimbilia darasani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ameshika kichwa na ananitazama mimi. Hakuna aliyepiga kelele, au kama walipiga, mluzi uliwameza. Mikono tu, mamia ya mikono iliyobana vichwa, na mbele yao mtu mmoja aliyesimama akitabasamu.

Tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Alitazama angani, akatazama nyuma yake, akawatazama tena watoto. Kisha akaanza kunitafuta kwa macho. Nikaenda mbio, nikasimama mahali atakapouona mdomo wangu.

"Kuna sauti?" akaniuliza.

"Ipo."

"Kubwa?"

"Kubwa, shemeji. Kali sana."

"Na matoazi ya Wazee?"

"Yapo. Tangu wimbo wa kwanza."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua Jumanne ile ile. Niliogopa."

Ningependa anitukane, nilistahili. Hakunitukana. Aliinama, akashika kitufe kwa vidole viwili, akaanza kukirudisha polepole, na macho yake hayakuwa kwenye mashine. Alikuwa anawatazama watoto. Mkono mmoja ukashuka, ukafuata wa pili, kisha mstari mzima. Mwishoni mwa mstari wa mbele msichana mmoja alikuwa bado amejiziba. Sikio akarudisha unywele mmoja zaidi. Msichana akaachia.

Mwalimu mkuu akakohoa, akaanza upya. Shemeji hakuondoa macho kwa watoto.

"Simama hapa hapa," akaniambia. "Ukiusikia tena, nishike mkono."