Programu ya Kufungulia Barua Moja

Mtaa mzima ulimwita Mama Chapa, ingawa hakuwahi kuzaa. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwapigia watu chapa barua zao katika chumba kimoja chenye meza mbili, feni inayolalamika na kaunta iliyochubuka rangi pale wateja wanapoegemeza viwiko. Mtoto pekee aliyemlea ni mdogo wake, tangu wazazi wao walipofariki. Alimsomesha, alimsuka nywele, alimgombeza, hadi asubuhi moja alipokuta kitanda cha binti kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Alikuwa amemfuata mwanamume ambaye dada mtu hakumtaka hata kwa dawa, huko mji wa mbali. Baada ya hapo zikabaki salamu za mwaka mpya kwa simu: hujambo, sijambo, haya. Miaka kumi na minane.

Mwezi uliopita walikutana kwenye mazishi ya shangazi yao. Wakati wa kuagana, mdogo mtu alimshika mkono.

"Ile barua niliyokuachia kwenye kompyuta ya dukani, dada. Sikukulaumu kwa kutonijibu."

Akapanda gari akaenda zake. Mama Chapa akajiuliza. Barua gani?

Mtu mwingine angepiga simu akauliza. Lakini utamwambiaje mtu kwamba barua yake ya kuagia hukuwahi hata kuiona? Aliona aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi: alimtamani mdogo wake. Alitamani hata ugomvi wao wa zamani wa nani kamaliza sabuni. Akaapa ataisoma kwanza barua hiyo, ndipo apige simu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa stoo, ile ya kisogo kirefu, imefunikwa gunia. Aliiwasha, ikakohoa, ikawaka. Faili zilikuwepo, mia na ushei. Programu ya kuzifungulia ndiyo haikuwepo. Fundi mmoja aliifuta siku za mwisho apate nafasi ya kuweka mchezo wa karata, Mungu amsamehe. Mama Chapa akazihamishia faili kwenye kompyuta mpya, nayo ikamwonyesha viboksi na vijialama, utadhani kuku kakanyaga wino.

"Mama Chapa, hiyo mashine imeshapita umri wa kustaafu," alisema jirani yake wa mlango wa pili, fundi simu mwenye wajukuu wanne. "Mimi ningeigeuza kiota cha kuku."

"Na wewe umri wa kunyamaza utaufikia lini?"

Akaingia mtandaoni. Aliandika jina la ile programu, na mwaka, na neno "bure". Looh! Kumbe huko mtandaoni watu wema na wezi wameketi benchi moja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua. Alipokibonyeza akaletewa matangazo ya kamari. Wa pili ulitaka namba ya kadi ya benki, eti kuthibitisha tu.

"Bure gani hii inayoomba kadi?" aliifokea skrini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama wiki mbili, kati ya mteja na mteja. Jirani alipoona mambo si mzaha tena, alileta kigoda chake akakaa kando, akimwonyesha ni kitufe gani cha kweli na kipi cha ulaghai. Hakuuliza barua ni ya nani. Kwa hilo Mama Chapa hatamsahau.

Mwishowe wakaufikia ukurasa usio na picha wala mbwembwe. Mtu fulani, karani mstaafu, alikuwa amekusanya programu za kompyuta kuukuu ambazo wenyewe wameziachilia zitumike bila malipo. Alikuwa ameandika tu: chukua, ikikufaa nishukuru. Programu nzima ilikuwa ndogo kuliko picha moja ya simu. Mama Chapa aliitia kwenye flashi, akaipeleka kwenye ile kompyuta kuukuu.

Akaanza kufungua faili moja moja. Maombi ya kazi. Mkataba wa kupanga nyumba. Malalamiko juu ya mbuzi wa jirani. Hakuna. Ikabaki moja, iitwayo BARUA, nayo ilionyesha ombi la mtu aliyepoteza kitambulisho, basi.

Hapo akakumbuka. BARUA ndiyo faili aliyoifungua kila asubuhi. Mama Chapa hakuwa mtu wa kuanza karatasi mpya: alifuta maneno ya mteja wa jana kwenye ukurasa wa kwanza bila kuyasoma, akaandika ya mteja wa leo juu yake, na printa akaiamuru itoe ukurasa wa kwanza tu kwa sababu ilikuwa na tabia ya kutema karatasi tupu. Mdogo wake alilijua hilo la kuifungua. Aliandika mahali ambapo dada yake angefika kabla ya mahali pengine popote.

Alishuka chini polepole. Ukurasa wa pili ulikuwepo; wa kwanza aliufuta mwenyewe bila kuusoma, asubuhi mdogo wake alipoondoka. Ulikuwa umebebwa nyuma ya barua za watu miaka yote ile.

"...na ukinitazama usoni sitaweza, ndiyo maana nimekuandikia. Basi linaondoka saa nne. Ukisoma haya, njoo stendi uniambie nisiende, na sitakwenda. Usipokuja, nitajua umeniachia niende."

Asubuhi ile, saa nne, alikuwa kwenye kiti hiki hiki akipiga chapa. Alilia kwa sauti, na jirani akatoka nje akafunga mlango.

Alipopiga simu, ilipokelewa upesi.

"Dada? Kuna msiba?"

"Nimeisoma leo. Mdogo wangu, nimeisoma leo."

 Ikamjibu sauti ndogo ambayo hakuwa ameisikia tangu binti yule akiwa mtoto.

"Nilimwomba dereva asubiri. Alinisubiri nusu saa nzima, dada. Abiria walinitukana."

Mama Chapa alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kalamu.

"Basi la kuja kwako," alisema, "linaondoka saa ngapi?"