Mikono ya Mama Siku ya Fainali

Dada yangu tunamwita Foleni, na jina hilo kalipata kwa haki. Kazi yake ni kusimamia msongamano kwenye minara ya kampuni ya simu, na hata nyumbani hamvumilii mtu anayeng'ang'ania sufuria wakati wenzake wanangoja.

Mama yetu ni kiziwi. Anaongea kwa mikono, kwa hiyo simu yake ni ya video tu. Tatizo, nyumba yake imepakana na uwanja wa mpira. Siku za mechi maelfu ya watu wanarusha video, mnara unazidiwa, na mikono ya Mama inaganda katikati ya neno. Iliniudhi mno! Ni sawa na kumziba mtu mdomo.

Foleni alipomuuliza anataka nini, Mama alijibu kwa ishara: "Picha ikiwa na ukungu naelewa tu. Mikono ikisimama ndipo mnaninyamazisha."

Basi dada akaja na mpango. Badala ya mnara kulundika picha kali hadi zikwame, uzionye simu mapema, foleni ya data ikianza tu kurefuka, zipunguze ukali wa picha. Bosi wake akakunja uso.

"Wateja wanalipia picha safi, bibie."

"Picha safi iliyoganda ni ya kutundika ukutani, bosi."

Akaruhusiwa kujaribu mara moja tu, siku ya fainali.

Siku hiyohiyo mke wangu alitoka hospitali na binti yetu wa kwanza. Kwenye familia yetu, bibi ndiye anayempa mtoto jina la ishara, la kuitwa kwa mikono, na lazima kwanza amwone uso. Tunaishi mbali naye, na Mama aligoma kungoja kesho. Nikapiga simu roho mkononi.

Mama akamkagua mjukuu, akacheka, akainua mkono. Papo hapo redio ya jirani ikapiga kelele: goli! Uwanja mzima ukatoa simu. Uso wa Mama ukafifia kwenye skrini, nami nikalaani kimoyomoyo.

Lakini mkono haukuganda. Kidole kiligusa shavu lake, pale mtoto alipo na kishimo, kisha ngumi ikafunguka taratibu. Jina zima, mwanzo hadi mwisho. Nililia bila aibu.

Nikampigia Foleni kazini, naye akapokea kwa kelele.

"Washa video, bwana! Chumba kizima kinangoja jina!"

Nikagusa shavu, nikafungua ngumi. Kule mikono ikaanza kuniiga, na wa kwanza ulikuwa wa bosi.