Kipande cha njia ya Kambove, na Kabamba kuacha ziwa

Ndugu zangu, leo mwanangu amenikataa, na ndivyo nilivyotaka.

Kabamba yuko na miaka miwili na bado ananyonya. Mama mkwe akasema, "Umuache kwangu. Weye, potea kidogo."

Nikapotea siku chache na rafiki zangu, Mujinga na Kapinga, kutembea milimani. Njia ya huko ni ndefu, sisi tulichukua kipande cha Kambove tu, mizigo mgongoni. Wangu ulikuwa mfuko wa kazi wa mume wangu, bado unanuka kiwanda.

Leo tukirudi, kwenye mlima wa kwanza blauzi yangu ikalowa kifuani.

Mujinga akauliza, "Chupa yako inavuja?"

Kapinga, mama wa wanne, akacheka. "Ile si maji! Ni Kabamba anamuita."

Nilikwenda nyuma ya jiwe, nikakamua maziwa kwenye majani. Nililia kidogo, sikatai.

Kisha nikajiapia njia nzima: akilia, simpi. Hata akijitupa chini.

Nafika nyumbani, anakula bukari, ugali wetu, na bibi yake. Hakulia hata. Aliniangalia, akajificha kwenye kitenge cha bibi.

"Njoo kwa mama."

"Hapana!"

Mama mkwe akaninong'oneza, "Usimulazimishe."

Nikakaa chini. Baadaye akaja mwenyewe, polepole, akanitia tonge la bukari mdomoni. Akarudi kwa bibi.

Sasa amelala. Kifua kinaniwaka.

Wamama mlioachisha, niambieni, inachukua muda gani kuzoea?

Mtoto amekwisha kuzoea. Naulizia mama yake.