Mbuzi wa Kapita Niliyemkataa

Siku ambayo hunirudia hata sasa, mwanangu, ni ile niliyolala kwenye kitanda cha mianzi katika nyumba ya wagonjwa ya kampuni, kule chini karibu na Mpofi, msitu wa Walikale, nikimsikia mbuzi akilia nje ya mlango. Alikuwa beberu mweusi, mnene, amefungwa kwa kamba mpya, na aliletwa kwa ajili yangu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Homa ilikuwa haijaniacha vizuri. Hata hivyo nilimtamani sana yule mbuzi, kwa maana tulikuwa hatujaonja nyama tangu Pasaka.

Nikueleze kwanza nilifikaje huko. Mimi ni mtoto wa Karuba, kwenye milima ya Masisi, mahali pa baridi, maharagwe na ng'ombe. Mama alitutangulia, kisha baba akamfuata, nami niliye mkubwa nikabaki na wadogo: Mapendo, Josefu na Petro. Niliacha shule ya misheni wakati ndio kwanza nimeanza kusoma bila kufuata herufi kwa kidole. Baba zetu wadogo hawakuchelewa kukaa na kutugawanya. Josefu akachunge ng'ombe wa huyu, Petro aende kwa yule, na Mapendo aolewe, ingawa alikuwa bado mtoto wa kucheza uani. Nikasema hapana, nitawalisha mimi, na tutakaa nyumba moja. Walinicheka, lakini walinipa muda. Jirani yetu mmoja akakubali kuwaangalia, nami nikashuka kwa miguu, nikapita Nyabiondo, nikaingia msitu wa Walikale na kuandikwa kazi kwenye machimbo. Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya wazungu kuisha.

Tulichimba mifereji kwenye ubavu wa kilima. Udongo tuliusukumia maji, na yale mawe meusi mazito ya bati yakabaki chini. Kila mfereji ulikuwa na mwimbaji wake. Alichimba kama wenzake, ila yeye ndiye aliyetoa neno, na wengine wakaitikia huku mabeleshi yao yakishuka pamoja. Mwimbaji wa maana alitunga kitu kipya kila asubuhi, kwa sababu wimbo wa jana hauchekeshi, na watu wasiocheka huchoka mapema. Mwimbaji wa mfereji wetu nilikuwa mimi. Wanawake walioloweka mihogo kwenye kijito walitusikia kutwa nzima, na tukitoka kazini walituimbia maneno yetu wenyewe kwa kututania.

Kapita wetu, yaani msimamizi wa kundi, aliitwa Gaspari. Usifikiri alikuwa mtu mbaya. Asubuhi ya siku niliyoumia alikuja na viatu vipya vya ngozi, vya kwanza maishani mwake, alivyopewa na kampuni saa ileile. Vililia kila alipokanyaga. Ningenyamaza namna gani? Nikaimba:

"Viatu vya Kapita vinalia kwii, kwii,
matope yanauliza, huyu mugeni ni nani?"

Na mfereji mzima ukajibu, "Tuchimbe, twende." Hata Gaspari mwenyewe aligeuza uso ili tusimwone akicheka. Nilikuwa nimefungua kinywa kutoa neno lingine wakati ukingo ulipoanguka. Ukingo ule ulipaswa kushikiliwa na miti. Mzungu wa machimbo alikuwa amemwagiza Gaspari aiweke, na Gaspari alikuwa akisema kesho. Udongo ulinifunika hadi kiunoni, na jiwe lililokuja nao likausaga mguu wangu.

Siku hiyo mzungu alikuwa safarini. Aliporudi, Gaspari, kwa kuogopa kufukuzwa, alimwambia kwamba sikufika kazini kabisa: nilikwenda msituni kuangalia mitego yangu, gogo likaniangukia. Uongo huo uliaminika kirahisi. Ni kweli nilikuwa na mitego, kama karibu kila mtu kambini, na hakuna asiyejua.

Kisha akaleta mbuzi. Kwetu, mwanangu, milimani na hata kule msituni, mtu akimwumiza mwenzake bila kukusudia humletea mbuzi. Wanamla pamoja mbele ya watu, na tangu hapo neno lile halisemwi tena, hata na watoto wao. Ni desturi nzuri, imezuia damu nyingi. Gaspari akaketi karibu na kitanda changu akasema kwa upole, "Ndugu yangu Zakaria, tumalize hii maneno kama watu. Kesho wenzetu watakuja, tutakula, njo itakuwa imeisha. Utarudia kwenu na salama."

"Na kazi, Kapita?"

"Kazi gani na mguu moja? Kula nyama, upate nguvu ya kupanda milima yenu."

Nikakubali. Moyoni niliona kosa ni langu, kwa kuwa niliuona ukingo umepasuka na bado nikasimama chini yake kuimba. Tena niliona kwamba kuidai kampuni ni kuombaomba, na yatima akianza kuomba, amewapa ushindi wale waliomcheka.

Basi akaja Mama Tereza. Huyu alikuwa mjane mzee aliyewauzia wafanyakazi mihogo ya kuchemsha, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Aliketi kitandani kwangu bila kuuliza kama naumwa.

"Umeshakula ile mbuzi?"

"Bado, Mama. Ni kesho."

"Mungu iko. Sasa niambie, wewe na Kapita muligombana?"

"Hapana, Mama."

"Alikupiga?"

"Hapana. Ni udongo."

"Udongo wa nani?"

"Wa kampuni."

"Na kampuni itakula hiyo mbuzi na mudomo gani?"

Nilicheka hadi kidonda kikaniuma. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Siku bwana wa Leta alikuja kusoma sheria, ulikuwa wapi?"

Leta ndivyo tulivyoiita serikali. Nilikuwepo, mwanangu. Tulipangwa mstari kwenye ukungu, bwana yule akasoma, karani akatafsiri, na sisi sote macho yalikuwa kwenye magunia ya chumvi na maharagwe tuliyokuwa tukingojea kugawiwa. Hatukusikia kitu. Mama Tereza alikuwa amesimama kando na kikapu chake, na yeye alisikia.

"Alisema mwenye ataumia pa kazi, kampuni itamutunza," akasema. "Hakusema mwenye hana kosa. Hakusema mwenye anajua kulia muzuri. Alisema pa kazi, basi."

"Lakini Mama, kuomba ni haya."

"Nani anakutuma uombe? Ukienda kuchukua posho yako, unaombaka?"

"Hapana."

"Ule mguu ulibakia ndani ya kazi yao. Ukikula mbuzi mbele ya watu, umesema maneno ya Kapita iko kweli, na hakuna tena mutu atakusikiliza. Utaenda kuonyesha wadogo yako kisiki, na baba zako wadogo watawagawanya kama kuku za soko. Uko mukubwa wao, ao hauko mukubwa wao?"

Akachukua kikapu chake akatoka. Sijawahi kukemewa vile, si na baba, si na mapadri. Nililala nikilitazama paa, na lile swali lake la mwisho halikunipa nafasi ya kugeuka.

Siku iliyofuata wenzangu walijaa mlangoni, sufuria tayari. Nikaomba niinuliwe, nikakaa wima. Nikasema, "Kapita, mimi sina ugomvi na wewe. Mbuzi yako ni nzuri. Lakini sitaikula kama bwana wa Leta hajanisikia."

Bulambo, mtu mkubwa wa Walikale aliyechimba kando yangu, akanong'ona, "Zakaria, kama wewe hautaki, meno yetu ilikukosea nini?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakatawanyika. Gaspari akamfungua mbuzi wake akaondoka bila kunitazama.

Kuanzia hapo mambo yakawa magumu. Kidonda kilipoanza kukauka niliambiwa niachie kitanda, nirudi kwetu. Sikurudi. Mama Tereza alinipa kona ya jiko lake, nikamenya mihogo yake na kujifunza kusimama kwa fimbo. Wenzangu walipita wakanisalimu kwa mbali. Sikuwalaumu, kila mmoja alikuwa na watoto, na kapita ndiye aliyesema nani arudi kazini kesho. Nilingoja.

Hatimaye bwana wa Leta akaja kwa safari yake ya kukagua. Meza ikawekwa barazani, karani akaketi kando yake. Nikasogea kwa fimbo, nikaeleza nilivyoumia. Gaspari akarudia habari ya mitego. Wenzangu wakaitwa mmoja mmoja. "Sikuona muzuri, Bwana." "Nilikuwa nimeinama, Bwana." Kila mmoja alizungumza na vidole vya miguu yake. Bwana akanigeukia akauliza ni nani basi aliyeniona kazini. Nikawatazama wenzangu mmoja mmoja. Bwana akaanza kukusanya vitu vyake.

"Bwana, wanaume wako na macho ya woga," ikasema ile sauti ya kukwaruza. "Uliza sisi wamama. Sisi hatukumuona. Tulimusikia."

Mama Tereza alikuwa amesimama chini ya baraza na wanawake wa kijitoni, mikono yao bado ina unga wa mihogo. Karani akataka kuwafukuza, bwana akamzuia.

"Mulisikia nini?" akauliza kupitia karani.

"Tulimusikia anaimba, na wimbo ikakatika katikati. Bwana, mutu anatafutaka nyama ya pori na wimbo? Hata panya ingekimbia."

Watu wakacheka, hata karani. Gaspari akasema kwa haraka kwamba mimi huimba kila siku, wanawake wamechanganya siku. Nikaona bwana anatikisa kichwa kumkubalia. Hapo Mama Tereza akageuka, akawatazama wenzake, na wakaanza kuimba:

"Viatu vya Kapita vinalia kwii, kwii,
matope yanauliza, huyu mugeni ni nani?"

Walipofika mwisho wakanyamaza, wakangoja. Mwanangu, mtu aliyechimba kwa wimbo hawezi kuuacha ukining'inia hewani. Bulambo alijikaza, nikamwona shingo imevimba, kisha likamtoka kwa sauti yake yote, "Tuchimbe, twende." Na mfereji mzima ukamfuata, wale wale ambao hawakuona kitu, miguu yao ikipiga chini kwa pamoja.

Bwana akamwuliza karani maana ya maneno yale. Karani akamweleza huku akijizuia kucheka. Bwana akainama kidogo, akatazama miguu ya Gaspari.

"Viatu hivyo ulipewa lini?"

Gaspari akajibu, "Asubuhi ya siku ile, Bwana."

"Siku aliyoumia?"

"Ndiyo."

"Kama alikuwa msituni tangu alfajiri, aliviona wapi?"

Gaspari alivua kofia yake. "Alikuwa ndani ya mufereji, Bwana. Mimi mwenyewe nilimusikia. Na ile miti ya ukingo, sikuiweka." Alisema bila kulia na bila kujitetea, na kwa hilo nilimheshimu baadaye, tulipopatana. Siku ile sikumsikia vizuri. Vigelegele vya wanawake vilikuwa vimejaza bonde lote, na Bulambo alikuwa ameninyanyua juu ya bega lake kama mzigo wa ndizi.

Kampuni ikaamriwa kunilipa, na si mara moja tu, bali kila kipindi kwa maisha yangu yote. Nikatengenezewa mguu wa mti. Nikapanda lori hadi Masisi, na kutoka hapo nikatembea mwenyewe, polepole, hadi Karuba. Baba zangu wadogo walipoona nimesimama uani walikuja kunipa pole. Nikawashukuru. Kisha nikawaambia kwamba wadogo zangu hawaendi popote. Nilinunua cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nikashona nguo sokoni Karuba. Josefu akasoma hadi akawa mwalimu. Petro akalima shamba la baba. Mapendo aliolewa siku aliyoitaka yeye, na mtu aliyemtaka yeye, na gauni nililishona mimi.

Sasa nisikilize, wewe unayekwenda kufanya kazi kwa watu. Ukiumia kazini, sema siku ileile, sema kwa sauti, na uhakikishe kuna waliosikia. Usianze kujihukumu kama ulisimama vibaya, sheria haikukuuliza hilo. Unachodai si sadaka, ni sehemu ya kazi uliyokwisha kuifanya. Patana na watu, ndiyo, mimi sikufundishi kinyongo. Lakini mapatano ya watu yangoje hadi haki ya kazi imekwisha kusemwa, maana ukivichanganya utapoteza vyote viwili. Na ukiwa wewe ni yule asiyeumia, uliyeona au kusikia, usiangalie vidole vyako. Kumbuka pia kuwasikiliza mama zako, hata wanaouza mihogo. Wao husikiliza wakati sisi tunaangalia chumvi.

Mungu wa baba zetu akuamshe mzima na akurudishe nyumbani mzima. Likikupata la kukupata, akuweke mbele ya mtu wa haki na akupe moyo usioyumba. Watoto wako wale chungu kimoja, wakue wakijuana, na jina lako litajwe kwao kwa furaha.